Majeruhi wa bandia wanavyofundisha madaktari kushirikiana

Na Mwandishi Wetu

MAJERUHI wa ajali anapofikishwa hospitalini akiwa hajitambui, hahudumiwi na daktari mmoja. Kitandani pake hukusanyika daktari wa upasuaji, mtaalamu wa usingizi, wauguzi, mtaalamu wa mionzi na wa maabara, ambao pengine hawajawahi kufanya kazi pamoja hata siku moja.

Kila mmoja wao anaweza kuwa hodari katika fani yake, lakini majeruhi akapoteza maisha kwa sababu agizo la kuleta damu lilitolewa bila kutajwa wa kulitekeleza, au kwa sababu muuguzi aliyeona hali ikibadilika alisita kumwambia daktari bingwa.

Kasoro hiyo ndiyo inayolengwa na mafunzo ya kuigiza, ambayo timu nzima hupokea majeruhi wa bandia na kumhudumia kana kwamba ni tukio la kweli.

Chimbuko la mafunzo hayo ni usafiri wa anga. Machi 27, 1977, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana katika uwanja wa Tenerife, Hispania, na kuua watu 583. Kabla ya ajali, mhandisi wa ndege iliyokuwa ikianza kuruka aliuliza iwapo nyenzake ilikuwa imeondoka njiani. Rubani mkuu alijibu kuwa imeondoka, na safari ikaendelea.

Mwaka 1979 Shirika la Anga la Marekani, NASA, liliitisha kikao cha wataalamu kuhusu makosa ya aina hiyo, na mashirika ya ndege yakaanza kuwafundisha marubani kusikiliza na wasaidizi wao kusema. Baadaye, David Gaba na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford walipeleka mbinu hizo kwa madaktari wa usingizi.

Nchini Norway, ambako hospitali nyingi ndogo hupokea majeruhi mahututi kwa nadra, mpango unaojulikana kwa kifupi kama BEST ulianzishwa mwaka 1997. Badala ya kuwapeleka wahudumu katika vituo vya gharama kubwa, mafunzo yaliwafuata kazini. Timu hufanya zoezi katika chumba chake cha dharura, kwa vifaa vyake yenyewe, huku ikirekodiwa kwa video.

Katika zoezi, kiongozi wa timu husimama mahali anapoonekana na wote na kugawa majukumu kabla majeruhi hajaingia. Uchunguzi hufuata mpangilio mmoja: njia ya hewa, upumuaji, kisha mzunguko wa damu.

Agizo hutolewa kwa kumtaja mtu. Aliyetajwa hulirudia kwa sauti, na akimaliza hutoa taarifa. Kila baada ya muda, kiongozi hueleza hali ilivyo na kuuliza iwapo kuna aliyeona jambo ambalo wengine hawakuliona. Hapo ndipo mdogo kwa cheo hupata nafasi ya kusema bila kuonekana mkaidi.

Sehemu yenye uzito zaidi huja zoezi likiisha. Washiriki hutazama video na kujadili kilichotokea bila kumtafuta mchawi. Mara nyingi hugundua mambo ambayo kitabu hakiyafundishi: kabati la vifaa liko mbali, simu ya benki ya damu haijulikani na wote, au watu wawili walifanya kazi moja huku nyingine ikiachwa.

Kwa Afrika Mashariki suala hili si la mbali. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa ajali za barabarani ziliua watu milioni 1.19 duniani mwaka 2021, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kozi ya huduma za msingi za dharura iliyotolewa na shirika hilo pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu mwaka 2018, ambayo nayo hutumia mazoezi ya matukio ya kuigiza, ilijaribiwa Tanzania, Uganda na Zambia.

Hata hivyo, mafunzo hayo hayazibi pengo la damu, dawa au watumishi. Tafiti zimeonyesha kuwa huboresha mawasiliano na mpangilio wa kazi, ingawa kuthibitisha ni vifo vingapi vimepungua kwa sababu yake ni kazi ngumu zaidi. Tena, mazoea hufifia, na watumishi huhamishwa, hivyo zoezi la mara moja halitoshi.