Fundi Hunolewa, Harejelezwi

Nilisimama mbele ya bango moja huko Birere, mjini Goma, nikasoma kwamba mafundi wa kusude (kuchomelea vyuma) wenye uzoefu wanaalikwa kwenye "urejelezaji". Mzee aliyekuwa kando yangu, ambaye milango yake ya chuma imesimama juu ya lava ya mlipuko wa volkano wa 2002 hadi leo, aliuliza polepole: "Mimi niko chupa ya plastike?" Sikuwa na jibu. Hasira ya siku ile haijanitoka.

Kosa lina asili yake. Sisi wa Goma tunasema resiklaji, na Kifaransa hulitumia neno hilo kwa taka na kwa mtu anayerudi mafunzoni. Waheshimiwa fulani waliokaa na kamusi wakachukua maana ya taka, wakamvika fundi. Wangeuliza karakana yoyote wangeepuka aibu. Rejea ni Kiarabu, raja'a, yaani kurudi; ndani yake mmezaliwa rejelea, kisha rejeleza: kukirudisha kitu mwanzo wake. Chupa huyeyushwa ikawa chupa tena. Je, aliyeshika bagete, fimbo ya kuchomelea, miaka 20 arudishwe wapi? Wengine wanapendekeza "ukamilishaji", kana kwamba ufundi una siku ya kukamilika.

Neno ninalolitetea, na nitaendelea kulitetea, ni unoaji. Noa ni letu tangu zamani. Lina l iliyolala, nayo huamka tukisema nolea, nolewa, noleo, kama inavyoamka katika fua na fuliwa. Jiwe lake dogo ni kinoo. Na hakinolewi ila kile kilichokwisha kuwa na makali: hakuna anayenoa bonge la chuma. Kwa hiyo neno lenyewe linamheshimu fundi kabla hajaingia darasani.

Mpinzani mmoja ameniandikia kwamba kunoa hakuongezi kitu, ilhali fundi anaenda kujifunza mbinu mpya. Hajawahi kutazama kisu juu ya kinoo. Makali mapya hupatikana kwa kuondoa chuma, na ndivyo ilivyo kwa fundi. Mchukue mzoefu wa bagete umpe tochi ya kuchomelea ya TIG na kipande cha alumini. Mkono wake umezoea kuvuta, ili ganda la takataka lisitangulie mshono. Sasa lazima asukume tochi mbele, gesi ya argoni ifunike kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka. Jicho lake linangoja wekundu uliomwongoza kwenye chuma. Alumini haiwi nyekundu, inang'aa kidogo, kisha inaporomoka ghafla. Yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, lakini ngozi ya oksidi iliyoifunika hustahimili zaidi ya 2,000, ndiyo maana hutumiwa umeme wa kugeukageuka, ambao nusu ya mzunguko wake huivunja ngozi hiyo. Kijana asiyejua lolote hana mazoea ya kuondoa. Mzee anayo, na kuyasugua kunauma. Ndiyo sababu mafunzo yake yanastahili jina la pekee.

Matumizi ni mepesi: unoaji wa mafundi, kozi ya kunoa, fundi amenolewa. Anayeanza, aitwe mwanafunzi kama kawaida.

Mzee yule hakujiandikisha. Aliondoka akiisugua mikono yake yenye makovu ya cheche, na nafasi moja darasani ikabaki wazi kwa sababu ya neno moja.