Saa Isiyotaja Kwao

Tuchukue mkesha wa mwaka mpya. Saa tano na nusu usiku, ruta iliyoko Bujumbura inaandika kwenye kumbukumbu zake: Dec 31 23:30:00. Ombi lake linafika kwenye seva ya Dar es Salaam sekunde hiyohiyo, lakini Tanzania iko saa moja mbele, hivyo seva inaandika: Jan 1 00:30:00. Mwaka haukutajwa, wala tofauti ya saa. Programu ikizipanga rekodi hizo kwa tarehe, jibu linalitangulia ombi kwa karibu mwaka mzima.

Kasoro hii ina umri. Eric Allman alibuni syslog, itifaki ya kutuma kumbukumbu kama hizi, miaka ya 1980 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwa ajili ya Sendmail, programu yake ya barua pepe. Itifaki hiyo ikaenea kwenye ruta na swichi za dunia nzima bila kanuni iliyoandikwa. Hati ya kiufundi ya intaneti, RFC 3164, ilipotoka Agosti 2001, ilieleza tu mazoea yaliyokuwepo: mwezi, siku, saa, basi.

Kwa Mrundi mtego mkubwa zaidi uko Brussels. Tofauti ya saa na Dar es Salaam haibadiliki mwaka mzima, ila Ubelgiji husogeza saa zake. Majira ya joto, Brussels na Bujumbura zote ziko saa mbili mbele ya UTC, saa ya marejeo ya dunia, na fundi anayelinganisha kumbukumbu za Julai haoni dosari yoyote. Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa tisa usiku ya Brussels hurudishwa kuwa saa nane; saa nzima inaandikwa mara mbili, na tangu hapo Bujumbura inatangulia. Kwangu hili ndilo kosa baya kuliko yote, maana hujificha miezi saba.

Tiba ilianza Julai 2002, Graham Klyne na Chris Newman walipoandika RFC 3339: mwaka mwanzoni, tofauti ya saa na UTC mwishoni, kama 2024-12-31T23:30:00+02:00. Machi 2009 Rainer Gerhards akaiingiza kwenye syslog kupitia RFC 5424. Humo kuna kipengele ninachokipenda sana: kifaa kisichojua saa kinaandika kistari tu, badala ya kubuni.

Hata hivyo, vifaa vingi bado hutuma muundo wa zamani visipoelekezwa vinginevyo, na muundo huo hauiambii seva inayopokea saa hiyo ni ya mji gani. Ofisi yenye matawi Bujumbura, Kigoma na Brussels inapaswa kuweka UTC kwenye kila kifaa, kisha izioanishe saa zote kwa NTP, itifaki ya David Mills ya mwaka 1985, kabla hitilafu ya kwanza haijatokea.