Mondrian, mti mmoja na tarakilishi

Wacha niungame mapema. Kwa miaka mingi, kila nilipoona picha za Piet Mondrian, yule Mholanzi wa mistari myeusi na miraba ya rangi nyekundu, samawati na manjano, nilisema, "Hata mimi naweza, nipe rula tu." Juzi nikajaribu. Niliandika programu fupi ya kuchora mistari ovyo ovyo na kujaza rangi. Ikatoa picha mia moja kabla chai yangu haijapoa. Zote zilifanana na vigae vya bafuni.

Basi nikaenda kusoma historia yake. Kumbe jamaa hakuanza na rula, alianza na miti! Kati ya 1908 na 1910 alichora mti mwekundu mbele ya anga la samawati, na ni mti kabisa, matawi yamejipinda. Mwaka 1911 akachora mwingine, wa kijivu: rangi karibu zote zimeondoka. Mwaka 1912 akachora mtofaa uliochanua, na usiposoma jina la picha huwezi kujua ni mti. Kisha akageukia bahari. Katika mchoro wake wa makaa wa 1915, gati na mawimbi ya Domburg ni vistari vifupi tu vya wima na vya mlalo. Kufikia 1917, vistari vimebaki peke yake. Zile rangi tatu zilitulia baadaye, miaka ya 1920.

Sasa sikia hili, ndugu msomaji. Mwaka 1964 A. Michael Noll wa Bell Labs, Marekani, aliifanya tarakilishi iige mchoro ule wa 1917 kwa nambari za kubahatisha. Watu 100 wakaonyeshwa picha zote mbili. Ni 28 tu waliotambua ya tarakilishi, na 59 waliipenda zaidi kuliko ya Mondrian!

Nusura nishangilie. Lakini Noll aliipa mashine yake kanuni: vistari vikae ndani ya duara, viwe vya wima au vya mlalo, na vingine vya juu vifupishwe. Kanuni hizo alizitoa kwenye picha ya Mondrian. Mondrian mwenyewe alizitoa kwenye matawi na maji, tena kwa takriban miaka tisa.

Programu yangu sijaifuta. Ila nje ya dirisha kuna mjakaranda, na jana jioni niliuchora kwa kalamu, vibaya mno. Leo nimeuchora tena, matawi yamepungua mawili.