Mama wa Austin na mstari mwekundu wa benki

Kuanzia 1935 hadi 1940, shirika la serikali ya Marekani lililoitwa HOLC lilichora ramani za miji zaidi ya 200 na kuupa kila mtaa rangi. Kijani ni mtaa wa kuaminika. Nyekundu, mkopeshaji ajihadhari. Fomu zilizoambatana na ramani hizo zilikuwa na nafasi ya kujaza weusi ni wangapi, na kama wanaongezeka. Lakini iliyoumiza zaidi ni FHA, idara iliyodhamini mikopo ya nyumba tangu 1934, kwani mitaa ya weusi iliinyima dhamana.

Miaka ya 1960, madalali walibisha hodi kwa wazungu wa Austin, magharibi mwa Chicago: weusi wanakuja, uzeni mapema. Wenye hofu wakauza kwa bei ya kutupa, na dalali akaiuza nyumba ileile kwa familia ya weusi kwa bei ya kuruka. Benki nazo zikakaza mikopo. Kupokea hazikuacha: akiba za wakazi ziliingia dirishani kama kawaida, kisha zikaenda kujenga vitongoji vya nje ya mji.

Gale Cincotta, mkazi wa Austin na mama wa watoto sita wa kiume, hakumaliza hata sekondari. Alianzia kwenye chama cha wazazi wa shule. Mwaka 1972 yeye na mwenzake Shel Trapp wakaanzisha National People's Action, na adabu hawakuijali sana: walijaza ofisi za wakubwa, na wengine wakawafuata hadi majumbani.

Kelele peke yake isingetosha. Ilihitajika orodha ya nani kakopeshwa wapi, na sheria ya 1975 ikazilazimisha benki kuitoa. Mwaka 1977 Seneta William Proxmire wa Wisconsin akapitisha nyingine, CRA: benki ihudumie pia mitaa ya kipato cha chini inakofanyia biashara. Haikuweka faini. Makali yake yalikuwa kwingine: benki ikiomba kununua nyingine, rekodi yake ya mikopo hukaguliwa, na wananchi wanaruhusiwa kupinga. Kwa benki inayosubiri kibali, kila mwezi wa kuchelewa ni hasara.

First National Bank of Chicago ililiona hilo mwaka 1984 ilipotaka kuinunua American National. Vikundi vya mitaa vikaweka pingamizi, benki ikaja mezani, ikaahidi mikopo ya dola milioni 120 kwa miaka mitano. Benki za Harris na Northern Trust zikafuata.

Cincotta alifariki 2001. CRA, sheria aliyoipigania, bado ipo, ila inazibana benki tu. Kampuni za mikopo zisizo benki, ambazo leo hutoa sehemu kubwa ya mikopo ya nyumba Marekani, haizigusi, na mpaka Bunge la Marekani litakapoziingiza humo, kazi ile itabaki nusu.