Kuzima kinga ya ndani ya Mac: Yafaa lini, na hufanywaje bila hasara?

TARAKILISHI za Mac zinazoundwa na kampuni ya Apple zina kinga ya ndani ambayo wengi wa wanaozitumia hawajui kuwa ipo, hadi siku wanapoambiwa na fundi, au na maelekezo ya programu fulani, kwamba sharti izimwe.

Kinga hiyo huitwa System Integrity Protection, kwa ufupi SIP. Ilianza kutumika Septemba 30, 2015, Apple ilipotoa mfumo wa uendeshaji wa OS X El Capitan, na imekuwemo katika kila toleo lililofuata. Mashine hutoka kiwandani ikiwa tayari imewashwa.

Ili kuielewa kazi yake, ni vyema kukumbuka kwamba mfumo wa Mac ni wa ukoo wa Unix. Katika ukoo huo yupo mtumiaji mmoja aitwaye root, ambaye tangu jadi hapakuwa na faili asiyoweza kuifuta wala programu asiyoweza kuisimamisha. Mwenye Mac hahitaji kujiita root ili atumie uwezo huo. Kila anapoandika neno lake la siri katika kisanduku kinachomwomba ruhusa ya kuweka programu mpya, huenda anaikabidhi programu hiyo mamlaka yayo hayo. Kabla ya 2015, programu iliyokwisha kuyapata ingeweza kubadilisha karibu sehemu yoyote ya mfumo bila mwenye mashine kujua.

SIP iliweka mpaka. Folda za /System, /bin, /sbin na /usr, isipokuwa ile ya /usr/local, pamoja na programu zinazokuja na mashine, haziwezi kubadilishwa hata na root. Vile vile root hawezi kujipenyeza ndani ya programu za Apple zinazoendelea kufanya kazi, wala kuingiza katika kiini cha mfumo kitu kisichoidhinishwa.

Kosa la kwanza la wengi ni kuzima kinga isiyohusika. Ukipakua programu kutoka kwenye intaneti na Mac ikatae kuifungua kwa madai kwamba haimtambui aliyeiunda, anayekuzuia si SIP bali ni mlinzi mwingine aitwaye Gatekeeper. Huyo humalizana naye katika ukurasa wa mipangilio uitwao Privacy & Security, ambako utaweza kuiruhusu programu hiyo moja tu, iwapo unamwamini aliyeitoa. Hakuna haja ya kubomoa ukuta ili kumpitisha mgeni mmoja mlangoni.

Fauka ya hayo, maelekezo mengi yanayozunguka yamepitwa na wakati. Katika Mac zenye prosesa za Apple zenyewe, kuanzia ile ya M1 iliyotoka Novemba 2020, kifaa kinachohitaji kiendeshi cha kampuni nyingine ndani ya kiini cha mfumo hutosheka na usalama uliopunguzwa kiasi, bila SIP kuguswa. Naye anayetaka kuzima kinga ili afute programu za Apple asizozipenda atavunjika moyo. Tangu toleo la Big Sur la mwaka huo huo wa 2020, mfumo hukaa katika sehemu ya diski iliyotiwa muhuri wa aina yake, na kuzima SIP pekee hakuufungui muhuri huo.

Wanaobaki na haja ya kweli ni wachache: waundaji wa programu wanaochunguza jinsi programu za mfumo zinavyofanya kazi, watafiti wa usalama, na watumiaji wa zana chache zinazobadilisha namna madirisha yanavyopangwa kwenye skrini. Iwapo humo katika kundi hilo, muulize anayekushauri ni kitu gani hasa kinachozuiwa na SIP. Asipoweza kukitaja, usikubali. Na ikiwa anayekushauri ni ukurasa unaogawa programu za kulipiwa zilizovunjwa kufuli, basi jibu unalo tayari.

Hatari ya kuiacha kinga ikiwa imezimwa haitoki kwa wezi wa mtandaoni pekee. Mnamo Septemba 23, 2019, wahariri wa filamu na vipindi vya televisheni huko Hollywood, Marekani, walianza kulalamika kwamba Mac zao, nyingi zikiwa za aina ya Mac Pro, zilikataa kuwaka tena baada ya kuzimwa. Kwa kuwa wengi wao walikuwa wakitumia programu ya uhariri ya Avid Media Composer, lawama ziliiangukia programu hiyo, na wenye mashine ambazo zilikuwa bado zinafanya kazi wakashauriwa wasizizime.

Haikuchukua siku nyingi ukweli kujitokeza. Mkosaji alikuwa toleo jipya la kivinjari cha Google Chrome, ambacho hujisasisha chenyewe kimyakimya. Google ilikiri kwamba toleo hilo lilikuwa na dosari iliyoharibu mpangilio wa faili katika Mac ambazo SIP ilikuwa imezimwa, pamoja na zile za zamani zisizokuwa na kinga hiyo, na ikasimamisha usambazaji wake. Dosari yenyewe ilikifuta kielekezi kidogo kiitwacho /var, ambacho kazi yake ni kuuonyesha mfumo mahali pengine zilipo faili unazozihitaji ili kuwaka. Katika mashine ambazo SIP ilikuwa macho, jaribio hilo lilikataliwa na wenyewe hawakuhisi lolote. Waliopata hasara aghalabu walikuwa wameizima kinga kitambo ili mashine zikubali vifaa vya picha vya kampuni nyingine, kisha wakaendelea na shughuli zao, na kivinjari kikiwemo.

Anayelazimika kuizima na aanze kwa kunakili faili zake katika diski ya nje kwa kutumia Time Machine. Kipakatalishi kiunganishwe na umeme wakati wote wa shughuli, na betri iwe imejaa, hasa mahali ambapo stima hukatika bila taarifa. Neno la siri la msimamizi wa mashine liwe karibu.

Kinga haizimiki Mac ikiwa inafanya kazi kwa kawaida, na hilo limekusudiwa. Programu haribifu haiwezi kuizima kwa amri hiyo ikiwa nyuma ya pazia. Anahitajika mtu aliyeketi mbele ya mashine. Katika Mac yenye prosesa ya Intel, izime kabisa, kisha iwashe huku ukibana vibonye vya Command na R kwa pamoja hadi nembo ya Apple itokee. Katika zile zenye prosesa za Apple, bana kitufe cha kuwashia bila kukiachilia hadi skrini ionyeshe kwamba machaguo ya kuwasha yanapakiwa, kisha chagua Options na Continue.

Ukishaingia humo, nenda kwenye menyu ya Utilities iliyo juu ya skrini, fungua Terminal, uandike csrutil disable na ubonyeze Return. Mac zenye prosesa za Apple hukutaka uthibitishe kwa kuandika herufi y, kisha jina na neno la siri la msimamizi. Washa mashine upya.

Kuanzia hapo, fanya jambo lililokupeleka na usifanye jingine. Katiza intaneti ikiwa kazi haiihitaji, usifungue kivinjari wala barua pepe, na usiweke programu nyingine. Usishangae iwapo programu za iPhone na iPad ulizoweka katika Mac yenye prosesa ya Apple zitakataa kufunguka; ndivyo zinavyofanya kinga ikiwa imezimwa. Ukimaliza, rudi kwa njia ile ile uliyopitia na uandike csrutil enable. Ni heri kufanya hivyo siku hiyo hiyo, kwa maana Mac haitakukumbusha.

Wanaonunua Mac za mitumba wana sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Katika zile za Intel, mpangilio wa SIP hauhifadhiwi katika diski bali katika kumbukumbu ya mashine yenyewe iitwayo NVRAM. Kwa hivyo muuzaji anaweza kuifuta diski yote na kuweka mfumo upya, na kinga ikabaki ilivyoachwa na mwenyewe wa kwanza.

Kuhakikisha ni kazi ya dakika moja, na hakuhitaji kuzima mashine. Fungua Terminal kwa njia ya kawaida, iliyomo katika folda ya Utilities ndani ya Applications, na uandike csrutil status. Jibu likiwa na neno enabled, kinga iko kazini. Likiwa na neno disabled, mwulize muuzaji ilizimwa kwa ajili gani, kisha uiwashe kwa csrutil enable kabla ya kuweka humo faili yako ya kwanza.