Rangi ya Makohozi kama Alama ya Inflamesheni: Historia ya Ushahidi, 1941–2011

Katika maandishi ya Kigiriki yanayonasibishwa na Hippocrates, tabibu aliagizwa ayachunguze makohozi ya mgonjwa wa mapafu, kwa kuwa rangi yake ilitabiri kupona au kufa. Desturi hiyo ilidumu hata darubini ilipoingia hospitalini katika karne ya 19, ilhali chanzo cha rangi yenyewe hakikujulikana.

Jibu lilitoka Sweden. Mwaka 1941 Kjell Agner alieleza kimeng'enya cha kijani chenye madini ya chuma alichokitenga kutoka katika chembe nyeupe za damu. Alikiita verdoperoksidesi; baadaye kikajulikana kama mieloperoksidesi. Kimeng'enya hicho kimo kwa wingi ndani ya nutrofili, chembe zinazotangulia kufika palipo na maambukizi. Zinapojaa katika njia za hewa na kukimwaga, makohozi hugeuka manjano, kisha kijani. Rangi hiyo basi ni alama ya inflamesheni, na anayeiweka ni mwili wenyewe, si bakteria. Tofauti hii huonekana ndogo, ila mjadala wote uliofuata umesimama juu yake.

Mwaka 1987, huko Kanada, Anthonisen na wenzake waliuhesabu usaha wa makohozi miongoni mwa dalili kuu tatu za kuzidiwa kwa wagonjwa wenye ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Nyingine ni kuongezeka kwa makohozi na kwa dhiki ya pumzi. Mwaka 2000 Stockley na wenzake, nchini Uingereza, waliwachunguza wagonjwa 121 wa aina hiyohiyo. Bakteria waliota katika asilimia 84 ya makohozi yenye usaha, dhidi ya asilimia 38 ya yale meupe. Hiyo 38 haipaswi kupuuzwa: mapafu ya wagonjwa hao huweza kubeba bakteria hata siku za nafuu.

Tatizo lilikuja pale kigezo hicho kilipotumiwa kwa mtu mwenye mapafu mazima aliyeshikwa na kikohozi cha ghafla. Virusi navyo huita nutrofili. Katika utafiti wa nchi 13 za Ulaya uliochapishwa mwaka 2011, Butler na wenzake walionyesha kuwa wenye makohozi ya rangi waliandikiwa antibiotiki zaidi sana kuliko wengine, na dawa hizo hazikuwaharakishia nafuu.