F12 Haiko Kwa Simu

Watu wangu wa Kitale na Bungoma, leo tuongee historia kidogo, na si ya Elijah Masinde, hiyo mshaisikia. Naongelea kitufe cha F12 kwa kompyuta. Ukikibonyeza, tovuti inafunguka tumbo: unaona msimbo wake, makosa yake, na picha gani inakula bando lako.

Zamani ukurasa ukikataa kufanya kazi, fundi alikuwa anakisia tu. Anaweka kijisanduku kiruke kwenye skrini kumwambia msimbo umefika wapi, anakitoa, anaweka kingine mbele kidogo. Kazi ya kuchosha! Halafu Januari 2006 Joe Hewitt, mmoja wa waliojenga Firefox, akatoa Firebug. Sasa ungeweza kubadilisha rangi au maneno ya ukurasa papo hapo na kuona matokeo, na kufuata kila ombi linaloenda kwa seva. Opera wakaja na Dragonfly 2008, na Chrome ikazaliwa mwaka huo huo ikiwa na kikaguzi chake ndani. Firebug yenyewe ilizikwa 2017, maana Firefox ilikuwa tayari na vifaa vyake.

Hadithi huwa inaishia hapo. Na sisi je? Nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa 2009. Huku kwetu kompyuta ilikuwa ya saiba, unalipa kwa dakika, na intaneti ya mfukoni ilikuwa Opera Mini. Opera Mini nayo haikukuletea ukurasa wenyewe. Seva zao ziliusaga kwanza, zikakutumia uliobanwa. Hapo utakagua nini?

Ndio maana huwa naudhika mtu akisema ati vijana wa huku hawataki kujifunza kutengeneza tovuti. Kijana wa Kiminini ama Kimilili ana Android moja, basi. Chrome ya hiyo simu haina F12. Ukitaka kukagua, uichomeke kwa waya kwenye kompyuta, yaani kitu ambacho hana! Kiwi, kivinjari cha Android chenye vifaa hivyo ndani, kilikuwa kinatuokoa, lakini mwanzoni mwa 2025 mtengenezaji wake akakiacha.

Siku hizi mimi hutumia Eruda. Ni kijisimbo unachohifadhi kama alamisho, kisha unakiita ukiwa ndani ya ukurasa. Tovuti zingine hukikataa kwa sababu za usalama. Hapo sina ujanja, napanda matatu hadi Webuye kuomba laptopu ya binamu yangu, na nauli najilipia.